Laptopu ya mama, kaunta buku ya mwenzangu: nifuate ipi darasani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa mwaka wa kwanza, nasoma uhasibu kwenye chuo kimoja hapa Arusha. Nyumbani ni Moshi. Mama yangu anauza mitumba Kiboriloni. Nilipochaguliwa chuo alikopa kwenye vikoba akaninunulia laptopu, kwa sababu watu walimwambia bila laptopu chuo hakisomeki. Tangu wiki ya kwanza nachapa kila anachosema mhadhiri, na somo moja tu limeshafika kurasa 90. Tesiti ya kwanza nimepata 8 kwa 20. Mwenzangu wa chumba ana kaunta buku na peni basi, darasani anaandika kidogo kidogo, amepata 15. Nafikiria nirudi kwenye daftari, lakini nikikumbuka mama bado analipa ule mkopo roho inaniuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale unaposema roho inakuuma. Nianzie hapo: hela ya mama haijapotea. Laptopu hiyo utaihitaji sana, na mbele nitakuonesha ni wapi. Ila mhadhiri akiwa anafundisha, ifunge uiweke kwenye begi. Hilo ndilo jibu langu. Yanayofuata ni sababu zake, maana sitaki ulishike kwa vile tu mwalimu kasema.

Nina miaka 19 ya kufundisha hapa Moshi, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo nimekuwa nikikaa na wanafunzi walioanguka tesiti za mwanzo. Tunafungua pamoja walichoandika darasani na kukipitia. Nilipoanza nilitegemea kukuta uvivu, lakini wengi wao nikawakuta ni wachapakazi kama wewe. Wana mafaili marefu na safi, vichwa vya habari vimekolezwa, tarehe zipo. Nikimuuliza mwenye faili, "Hapa mhadhiri alikuwa anasema nini?", ananisomea sentensi ile ile kwa sauti. Nikimwambia afunge kompyuta aniambie kwa maneno yake, anatazama dirishani. Kurasa zako 90 nadhani nazifahamu kabla sijaziona.

Mhadhiri anayeongea kwa mwendo wa kawaida hutoa maneno zaidi ya 100 kwa dakika. Hakuna mkono wenye peni unaoweza kuyafuata yote. Mwenye peni analazimika kuacha mengine, na ili aache lazima kwanza ajue lipi ndilo lenyewe na lipi ni maelezo ya kusindikiza. Kile kitendo cha kuchagua, palepale, sekunde mbili baada ya kusikia, ndiyo kazi ya kujifunza yenyewe. Mwenye laptopu, hasa aliyezoea kuchapa, vidole vyake vinakaribia kasi ya mdomo wa mwalimu, na hapo ndipo anapojaribiwa kuchukua vyote. Maneno yanaingia sikioni, yanatokea vidoleni, na katikati hayakupita popote.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walichapisha majaribio ambayo wanafunzi walitazama mihadhara mifupi ya video, wengine wakiandika kwa mkono, wengine kwa laptopu zisizo na intaneti. Wa laptopu waliandika maneno mengi zaidi, na sehemu kubwa ilikuwa ni nakala ya maneno ya mzungumzaji. Kwenye maswali ya kukumbuka jambo moja moja, jaribio la kwanza halikuonesha tofauti ya maana. Kwenye maswali ya kueleza na kulinganisha mawazo, wa mkono wakafanya vizuri zaidi. Kilichonigusa mimi ni jaribio lao la pili: wa laptopu waliambiwa wazi wasinakili neno kwa neno, waandike kwa maneno yao, na bado wakaendelea kunakili. Kwa hiyo ukijiambia kesho "nitaendelea kuchapa ila nitajizuia", ujue wenzako walishaambiwa hivyo na vidole vikawashinda.

Lakini nisikudanganye kwamba mjadala umekwisha. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti lilirudia jaribio la kwanza. Wakakuta tena kuwa wa laptopu wanaandika mengi na kunakili zaidi, ila safari hii alama za mtihani uliofanyika muda mfupi baadaye hazikutofautiana kwa maana yoyote. Mtu akikuambia peni imethibitishwa na sayansi kuwa ni dawa, anakuuzia maneno. Mimi nasimama na peni kwa sababu nyingine mbili, ambazo kwa wanafunzi wa hapa kwetu naziona nzito kuliko jaribio lolote la Marekani.

Ya kwanza ni lugha. Wewe ulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ukaingia sekondari ukakutana na Kiingereza, na chuoni mhadhara mzima ni Kiingereza. Nyumbani pengine mnachanganya na Kichagga. Mtu anaweza kuchapa sentensi nzima ya Kiingereza bila kosa hata moja la tahajia huku hajui inasema nini, kama tulivyokuwa tukikariri mashairi ya Kiingereza darasa la nne. Laptopu inakuruhusu kufanya hivyo saa mbili mfululizo. Ukurasa unajaa, unajiona umesoma, kumbe umebeba mzigo uliofungwa.

Ngoja nikuoneshe nilichokiona kwa macho yangu. Vijana wawili wa darasa moja walikuja ofisini kwangu, somo lilikuwa uchakavu wa mali, na nikaomba kila mmoja anioneshe alichoandika katika dakika kumi zile zile za mhadhara. Wa kwanza alikuwa na laptopu. Kwake nilikuta aya nne za Kiingereza, na ya kwanza ukiigeuza Kiswahili inasema uchakavu ni ugawaji wa taratibu wa gharama ya mali, baada ya kutoa thamani yake ya mabaki, katika kipindi chote cha matumizi yake. Sahihi kabisa. Wa pili alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Juu alikuwa amechora pikipiki, mbaya, matairi hayalingani. Chini yake ameandika: bodaboda 3,200,000. Miaka 4. Mwisho inauzwa 800,000. Halafu 2,400,000 gawa kwa 4, sawa na 600,000 kila mwaka. Pembeni kwa Kiswahili: "hela haitoki tena, ilishatoka siku ya kununua, hapa tunaigawa tu". Na chini kabisa, alama ya kuuliza kubwa: "je, ikipata ajali mwaka wa 2?"

Yule wa karatasi alikuwa ameshaelewa kitu ambacho wahitimu wengine wanaondoka chuoni bila kukielewa, kwamba uchakavu si fedha inayotoka mfukoni mwaka huo. Alikipata kwa sababu ili aandike kwa Kiswahili ilibidi kwanza Kiingereza kipite kichwani. Na ile alama ya kuuliza ndiyo iliyomfanya anyooshe mkono kipindi kilichofuata. Wa laptopu hakuwa na swali lolote, maana kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Kwa hiyo usiogope kuchanganya lugha kwenye daftari lako. Istilahi ziandike kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utaziuliza hivyo. Maelezo yaandike kwa Kiswahili chako, kwa mifano ya kwenu: pikipiki, robota la mitumba, shamba la kahawa la babu. Wapo wahadhiri wanaokataza. Mimi nadhani wanakosea, na nimewaambia baadhi yao ana kwa ana. Daftari si la kumwonesha mtu, ni karakana yako.

Tena somo lako ni la kuchora. Akaunti ya umbo la T, debiti kushoto, krediti kulia, mshale kutoka akaunti hii kwenda ile: kwa peni ni sekunde tano. Kwa laptopu, ukishahangaika na jedwali na mistari yake, mhadhiri yuko mfano wa tatu.

Sababu ya pili ni kioo chenyewe. Kuna siku nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi, nimeomba ruhusa ya mwenzangu nimtazame anavyofundisha. Kutoka kule nyuma unaviona vioo vyote. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa na slaidi za somo upande mmoja, upande wa pili anapanga mkeka wa mechi za Jumamosi. Pembeni yake binti anajibu gumzo la kundi. Safu inayofuata kuna sinema, haina sauti, maandishi yanapita chini. Lakini niliyemhurumia ni binti aliyekaa nyuma yao. Yeye alikuwa na daftari tu, na kila sinema ilipobadilisha picha kichwa chake kiliinuka. Hakuwa amefanya kosa lolote, ila kipindi chake kilikuwa kinaliwa.

Hili nalo limepimwa. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada, Faria Sana na wenzake, waliwaweka wanafunzi kwenye mhadhara, baadhi wakapewa kazi nyingine za kufanya kwenye laptopu huku wanasikiliza. Wale waliochanganya kazi walipata alama pungufu kwa asilimia 11 kuliko wenzao. Na waliokaa mahali wanapoviona vioo vya wachanganyaji, wao wakiwa hawajagusa chochote, walishuka kwa asilimia 17. Kwenye chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha madarasa ya uchumi ambayo kompyuta ziliruhusiwa na yale yaliyokatazwa. Palipokatazwa ndipo mtihani wa mwisho ulipofanyika vizuri zaidi, na hao ni wanajeshi, watu wa nidhamu. Hata darasa lililoruhusiwa vishikwambi tu, tena vikilazwa mezani kioo kikitazama juu, nalo lilibaki nyuma.

Sikushuku kwamba unatazama sinema. Nakuambia ukae mbele, safu tatu za kwanza, pasiwe na kioo cha mtu kati yako na ubao. Ukiwahi dakika kumi unapata. Kama unategemea daladala, najua kuwahi kuna gharama yake, lakini hiki ni kitu kimoja ambacho hakihitaji hela ya ziada.

Kuhusu mwenzako wa chumba, niseme neno moja kabla hujamchukia au kumwabudu. Muulize kidato cha sita alisoma mchepuo gani. Kama alisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), debiti na krediti alishakula nazo miaka miwili, na zile 15 si kazi ya kaunta buku peke yake. Kama wewe ulitoka HGL au HGK (historia, jiografia na Kiingereza au Kiswahili), umeanza mbio hatua nyingi nyuma yake. Omba akufundishe jioni mbili kwa wiki. Atafaidika na yeye, kwa sababu anayeeleza ndiye anayegundua palipo na tundu.

Sasa tufanye kazi. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, moja kwa kila somo la hesabu. Masomo mengine madaftari ya kawaida yanatosha. Chukua rula, piga mstari wima kiasi cha sentimita 6 kutoka kushoto, na chini ya ukurasa acha nafasi ya vidole vinne. Mpango huu ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, tangu miaka ya 1950, na mimi sijaona mwingine unaoushinda kwa urahisi. Upande mpana wa kulia ndiko unakoandika darasani. Kushoto unapaacha wazi mpaka jioni. Slaidi mnatumiwa kwenye kundi la darasa, kwa hiyo kilichoko kwenye slaidi usikiandike kabisa. Andika kile mhadhiri anachosema ambacho hakipo ukutani: mfano aliouzua, kosa alilosema watu hulifanya kila mwaka, hatua aliyoirudia mara mbili. Ukipotea, acha mistari mitatu mitupu, weka alama ya kuuliza, endelea. Usikimbizane na kilichopita.

Jioni ya siku hiyo hiyo, kabla hujalala, ndipo unapojaza kushoto. Usiweke vichwa vya habari, weka maswali. "Kwa nini uchakavu haupunguzi fedha benki?" Kisha funika kulia kwa karatasi, ujijibu kwa mdomo. Pale chini andika sentensi mbili za kujumlisha. Dakika 20 zinatosha kwa kipindi kimoja.

Hapa kwenye kujiuliza nataka usimame kidogo, kwa kuwa ndipo alama zilipo. Wanafunzi wengi wanapopiga msuli wanasoma notisi, wanarudia, wanarudia tena, mpaka macho yanateleza. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima jambo hilo. Kundi moja lilisoma matini kisha likairudia kuisoma, kundi jingine lilisoma mara moja kisha likaandika yote linayoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Sasa jiulize, tesiti yako inafanyika dakika tano baada ya kusoma, au wiki kadhaa? Mwenye kurasa 90 hawezi kujipima nazo, anaweza kuzisoma tu. Kurasa zako 90 usizifute, ziweke kama kamusi ya kuchungulia pale slaidi inapokuwa na giza.

Na hapa ndipo laptopu ya mama inapoingia. Kila mwisho wa wiki, fungua faili jipya, daftari likiwa limefungwa, uchape ukurasa mmoja wa somo la wiki hiyo kutoka kichwani. Ukimaliza ndipo unafungua daftari na kuangalia ulichosahau, na hicho unakichapa kwa rangi nyingine. Mwisho wa muhula utakuwa na kurasa 15 badala ya 90 kwa somo, na zile sehemu za rangi ndizo za kukesha nazo. Kasi ya kuchapa uliyojijengea inakusaidia hapa, maana sasa vidole vinafuata kichwa chako wewe.

Zaidi ya hapo, jifunze majedwali. Excel au lolote la bure linalofanana nalo. Mhasibu anayeajiriwa leo huko Arusha, iwe kampuni ya utalii au ghala la mbogamboga, siku ya kwanza anawekwa mbele ya jedwali. Hakuna atakayemuuliza kama aliwahi kuchapa mihadhara. Kila swali mnalofanya kwa mkono darasani lirudie kwenye jedwali kwa fomula zako mwenyewe, urari ukikataa tafuta kosa mpaka ulione. Hii kwa kaunta buku haiwezekani, na mwenzako wa chumba, asipokuwa na kompyuta, atakuja kukuomba.

Yapo mazingira ambayo ningekuambia kinyume. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi kwenye kioo, aliyeumia mkono, au ambaye mwandiko unamuumiza vidole, huyo laptopu ni haki yake darasani, na mhadhiri anayepiga marufuku kompyuta kwa wote bila kuwaangalia hao anawaonea. Vilevile kipindi cha kompyuta chenyewe, au takwimu mnapofanya pamoja na mwalimu kwenye programu, fungua. Mengine ni madogo: nakala ya faili zako iwe pia kwenye flashi au mtandaoni, kwa sababu laptopu za wanafunzi huibwa, na umeme ukikatika usiku wa kuamkia tesiti, daftari linasomeka kwa tochi ya simu.

Ukirudi Moshi likizo, kaa na mama jioni moja na laptopu yake. Mwambie akutajie robota la mwisho alilofungua: alinunua kwa bei gani, kubeba kutoka kwa muuzaji mpaka kwenye meza yake alilipa shilingi ngapi, nguo zilikuwa ngapi, za daraja la kwanza ngapi na za kutupa ngapi, ameuza ngapi mpaka leo, na zilizobaki zina thamani gani. Ingiza kwenye jedwali mbele yake. Usisahau safu ya marejesho ya vikoba. Utamwonesha faida ya robota lile kwa shilingi kamili, na wewe utakuwa umefanya mali iliyobaki mwisho wa kipindi, ambayo kwa mwaka wa kwanza ni nadra kukosekana kwenye tesiti ya pili. Ukikwama kwenye zile za daraja la tatu ambazo hazijulikani zitauzwa bei gani, niandikie tena, na unitumie hilo jedwali.